KOPA NA NASMA WALIVYOWATENGANISHA MAWIFI WA ISSUNA

Jamani, kuna watu wamenuniana kwa sababu ya shamba, wengine kwa sababu ya mwanamume, na wengine kwa deni la vitenge. Mama yangu mzazi na shangazi yangu walinuniana kwa sababu ya kaseti. Tena siyo kaseti ya matusi, la hasha! Ni kaseti ya taarab, upande A na upande B, iliyonunuliwa Kariakoo ikapandishwa kwenye lori la baba mpaka Issuna, Singida.

Kwa wale ambao wakivuka Morogoro wanadhani dunia imekwisha, Issuna iko kwenye barabara kuu ya kutoka Manyoni kwenda Singida. Ukifika hapo zimebaki kama kilometa 60 kuingia Singida mjini. Zamani ilihesabika Singida Vijijini, lakini tangu mwaka 2012 iko chini ya wilaya ya Ikungi. Siku hizi lami imepita, kwa hiyo ukisinzia kidogo tu kwenye basi la Dar, kondakta anakupitiliza. Ni nchi ya Wanyaturu, nchi ya alizeti, mtama, kuku wa kienyeji na mawe makubwa yaliyokaa kama yamepangwa na mtu. Upepo wake wa Agosti ukikukuta na kanga moja, utaomba ya pili.

Agosti hiyo ya mwaka 2024 nilikwenda harusini. Bibi harusi ni binti wa baba yangu mdogo, lakini amelelewa na shangazi tangu akiwa na miaka minne. Shangazi hakujaaliwa mtoto. Hilo naomba mlishike, maana ndilo lililoleta kasheshe yote hii.

Usiku wa kuamkia harusi tulikuwa jikoni, yaani nje nyuma ya nyumba, moto wa mafiga matatu, wanawake kama 20. Wengine wanamenya viazi, wengine wananyonyoa kuku, wengine wanachambua mchele na umbea kwa pamoja. Mdogo wangu mmoja anayesoma chuo Dodoma akaegesha simu yake kwenye ndoo, akafungulia Zuchu. Kila mtu akaanza kutikisa bega kimtindo. Shangazi akainua uso kutoka kwenye sinia la mchele, akasema kwa sauti ya mtu anayetaja jina la mdeni wake: “Huyo si mtoto wa Khadija Kopa?”

“Ndiye mwenyewe, bibi,” akajibu yule wa chuo.

“Mtoto anaimba. Lakini mama yake hakuwahi kumfikia Nasma.”

Ebo! Utadhani mtu kamwaga mafuta ya taa kwenye mafiga. Mama mmoja jirani, muuza chai pale stendi, akatupa kisu kwenye beseni la viazi. “Shoga, umezeeka vibaya! Kopa na Nasma nani? Kopa akisimama, ukumbi umesimama!” Kutoka hapo hakuna aliyelala, na viazi vilimenywa nusu.

Patashika ya jijini

Sasa wewe msomaji uliyezaliwa juzi, ambaye ukisikia mpambano unafikiria Simba na Yanga, hebu sogea. Mwaka 1992 nchi hii iliporuhusu vyama vingi, CCM ilianzisha kundi lake la sanaa, Tanzania One Theatre, ndiyo TOT. Kiongozi wake alikuwa Kapteni John Komba, mwanajeshi mwenye mwili wake na sauti yake, ambaye baadaye alikuja kuwa mbunge wa Mbinga Magharibi na akafariki Februari 2015. Upande wa pili walikuwepo Muungano Cultural Troupe, kundi la Norbert Chenga, ambao walikuwa wakongwe kidogo, wa mwaka 1980.

Msidhani yalikuwa makundi ya taarab tu. Ukilipa kiingilio ulipata vyote. Ngoma za makabila zinaanza, sarakasi inafuata, wanakuja wachekeshaji, halafu igizo la mume mwenye nyumba ndogo na mke anayegundua. Kulikuwa na kwaya, kulikuwa na dansi. Ukumbi ukishapata moto ndipo wanatoka waimba taarab, na hapo ndipo pochi za akina mama zilipofunguka. Ilikuwa ni jukwaa zima la maigizo na muziki, shoo ya masaa.

TOT walikwenda Zanzibar wakamchukua Khadija Kopa kutoka Culture Musical Club, akaja Bara na sauti nzito na madaha yaliyompa jina la Malkia wa Mipasho. Muungano wakamweka mbele Nasma Khamis, maarufu kama Nasma Kidogo. Basi ikawa huyu akitoa wimbo, yule anajibu. Muungano walitoa kibao kinaitwa Sanamu la Michelini, yaani lile pande la mtu la kwenye matangazo ya matairi, na mashabiki mitaani hawakuhitaji kamusi kujua mwili wa nani ulikuwa unasemwa. Upande wa pili nao hawakulala. Mashabiki waligawanyika: wa huku hawakanyagi kwa wale, na kaseti ya adui haiingii ndani ya nyumba.

Na siyo kwamba walivumbua wao. Tanga kulikuwa na Black Star Musical Club, kikazaliwa Lucky Star, na mji mzima ukachagua upande. Mama yangu ni mtu wa Tanga, kwa hiyo kuchagua upande alinyonya ziwani. Unguja hata kabla ya hapo vilikuwepo vikundi vya wanawake vilivyojiita kwa majina ya majeshi ya Mwingereza, Royal Navy na Royal Air Force, wakirushiana maneno kwa nyimbo na kwa mavazi. Tofauti ya miaka ya 90 ni umeme na kaseti. Kinanda kikachukua nafasi ya fidla nyingi, watu wakaacha kukaa kwenye viti kama wako mkutanoni, wakasimama kucheza. Na ugomvi wa ukumbini ukawa unasafiri kwa lori mpaka Issuna.

Mzee mmoja wa Kisukuma, aliyeoa hapo kijijini miaka mingi, alikuwa amekaa pembeni anaota moto akijifanya hasikilizi. Akashindwa kuvumilia. Akasema kwao hayo mambo ni ya zamani kuliko taarab ya redio: kuna Bagika na Bagalu, wafuasi wa Ngika na wafuasi wa Gumha, na baada ya mavuno makundi mawili yanapiga ngoma uwanja mmoja kwa wakati mmoja. Anayevuta watu wengi ndiye mshindi. “Hakuna jaji,” akasema. “Jaji ni miguu ya watu. Ukiona uko peke yako, umeshindwa, nenda nyumbani.”

“Basi kwa hesabu hiyo Kopa kashinda,” akadakia muuza chai. “Miaka yote hii bado watu wako kwake. Full Stop nani hakuicheza? Mjini Chuo Kikuu nani haijui? Mwaka 2020 mtoto wake anaanza kutamba, akamwita mama yake waimbe naye Mauzauza, na vitoto vya sekondari vikamjua upya. Nasma yuko wapi kwenye simu za watoto hawa?”

Shangazi akaweka sinia chini. Mie namfahamu shangazi, akiweka chombo chini ujue anajipanga.

“Wewe unahesabu watu, mie nasikiliza koo. Kopa anaimba kwa mwili. Anakuja na kifua, anakuja na mkono, anakuja na jicho. Ukimwona, umekwisha. Haya, mimi sikumwona. Mimi nilikuwa na redio kaseti ya National na betri nne ninazozianika juani zipate nguvu. Ndani ya redio hakuna jicho wala mkono, kuna sauti tupu. Kwa sauti tupu, Nasma anampita.”

Kimya kikapita kidogo. Nawaambieni ukweli, nimesikiliza wachambuzi wa muziki kwenye redio za FM, wanaolipwa, sijasikia hoja iliyonyooka kama ile. Wengi wa wale mashabiki wa damu wa Issuna hawakuwahi kuwaona Kopa wala Nasma kwa macho miaka hiyo. Waligombana kwa ajili ya watu waliowajua kwa masikio tu.

Yule wa chuo akachomekea kitu kingine, wasomi bwana. Akasema mbona maneno ya mipasho ile mara nyingi yalikuwa yanatungwa na wanaume? Wanaume wanakaa wanatunga, wanawake wanapelekwa mbele kuchambana, pesa inaingia kwa kundi. “Kwa hiyo mlikuwa mnagombanishwa na akina baba,” akasema, akijiona kapatia.

Muuza chai akacheka mpaka akashika ubavu. “Mwanangu, kisu kimetengenezwa na mhunzi. Lakini mhunzi hajui nimekatia nini jikoni kwangu.”

Hapo hata mimi nilikosa la kusema, ingawa nadhani binti alikuwa na hoja. Kutunga maneno makali ukiwa umekaa nyuma ya pazia ni rahisi. Anayetembea sokoni kesho yake na mwili ule ule uliosemwa ni mwimbaji.

Kaseti yenyewe

Mama yangu hakuwepo jikoni. Alikuwa anakuja na basi la usiku, na kila mtu pale alijua, na hakuna aliyemtaja. Miaka 28 wifi mtu na wifi mtu walikuwa hawasemeshani. Mmoja akiingia msibani kwa mlango wa mbele, mwingine anatokea wa nyuma. Salamu zilipitia kwetu watoto: “Mwambie shangazi yako kuku wake wamefika.” “Mwambie mama yako asante.”

Kisa ni hiki, na nimekisikia kwa pande zote mbili. Baba alikuwa dereva wa lori, akampata mama Tanga, akamleta Issuna. Mtoto wa Tanga katikati ya mtama na vumbi! Aliyempokea alikuwa shangazi. Alimfundisha kusonga ugali wa uwele, kupika mlenda, na maneno ya Kinyaturu ya kumsalimu mkwe asije akaaibika. Mama naye akamlipa kwa alichokuwa nacho: kaseti. Walikaa wawili mlangoni jioni, redio katikati, mama anamweleza wifi yake fumbo hili lina maana gani na lile linamchoma nani. Mama alikuwa TOT kwa sababu aliwahi kumwona Kopa Dar kwa macho yake. Shangazi akajichagulia Muungano, na mama anadai alichagua kwa ubishi tu. Walitaniana hivyo kama miaka miwili, raha mustarehe.

Mwaka 1996 kukawa na harusi ya ndugu. Mama alikuwa na mimba ya miezi saba. Ukaletwa muziki wa jenereta. Sasa mjuavyo taarab, mtu haendi kutuza ovyo ovyo. Unasubiri ule mstari unaokuhusu, unaomkata adui yako, ndipo unainuka na noti yako juu, unacheza polepole, unamwonyesha kidole yule usiyempenda au unaangalia juu kama humwoni, na kila mtu anaelewa. Ukainuka mstari kwenye wimbo mmoja, sitautaja, uliokuwa unamcheka mwanamke asiye na mtoto. Na mama yangu, na tumbo lake la miezi saba, na noti yake, akainuka.

Kidole hakukinyoosha. Hilo hata shangazi anakubali. Lakini alikuwa anacheza, mkono mmoja kaushika kiuno, tumbo limetangulia, na mbele yake kwenye duara la watu alikuwa amesimama wifi yake, mwaka wa tisa wa ndoa bila mtoto, ambaye mumewe alikuwa ameshaanza kuambiwa na ndugu zake aoe mwingine.

Tumbo lenyewe nilikuwa mimi.

Mama anasema hakufikiri. Anasema alikuwa anamtuzia Kopa, siyo mstari. Sauti ilipopanda akajikuta keshainuka. Anasema aliona uso wa wifi yake akiwa katikati ya uwanja, na hapo noti ilishakuwa juu, angeishushaje? Shangazi anasema neno moja tu: “Alinifundisha yeye mwenyewe mafumbo yale yana maana gani.” Kesho yake alichukua kaseti zote za Muungano alizopewa, akamrudishia mama kwenye kapu. Moja akabaki nayo. Mwaka uliofuata mumewe alioa mke wa pili, shangazi akarudi kwao Issuna na redio yake.

Nilikua nikijua kwamba nisimwimbie shangazi chochote.

Siku ya harusi

Mama alishuka alfajiri, upepo unavuma, kajifunika kanga mbili. Shangazi alikuwa kisimani. Nadhani alikwenda makusudi, maana siku hizi maji wanachota bombani.

Saa nane mchana turubai limejaa. Muziki ni wa kijana mmoja na kompyuta yake na spika mbili, anapiga Bongo Fleva, singeli, nyimbo za Kinyaturu kidogo kuwafurahisha wazee, anarudi kwenye singeli. Mama akaniita kwa jicho. Nikamfuata nyuma ya turubai.

“Mwambie yule kijana atafute Nasma. Wa Muungano. Wa zamani.”

Nilimtazama kama kaniambia nimletee simba. Mama yangu, TOT damu damu, ambaye mpaka leo akimsikia Kopa redioni anaongeza sauti mpaka majirani wanagonga ukuta! Nikaenda. Kijana hana. Hamjui hata Nasma ni nani, akaniuliza kama ni wa WCB. Ikabidi yule mdogo wangu wa chuo apande juu ya jiwe kubwa nyuma ya shule, maana siku hiyo mtandao ulikuwa unashika hapo tu, atafute, apakue, ashuke na simu. Dakika 40. Wageni wameshaanza kupewa pilau.

Wimbo haukuwa ule wa 1996, nilihakikisha. Ulikuwa mwingine, wa mwanamke anayejisifia alivyotulia nyumbani kwake. Kinanda kikaanza kile cha zamani, chenye kelele kidogo za kaseti. Vijana wakaangaliana. Wazee wakageuka wote kwa pamoja.

Shangazi alikuwa anagawa soda. Akasimama na kreti mkononi. Sijui alisimama muda gani, ila mtu alimpokea lile kreti na yeye hakugeuka kuangalia ni nani. Mdogo wangu akamkimbilia na simu amwonyeshe video, “Bibi, njoo umwone, huyu hapa!” Shangazi akaisukuma simu pembeni. “Sitaki kumwona. Ondoa.” Akafumba macho, akaanza kucheza pale pale, taratibu, mikono chini, kama mtu anayepepeta.

Mama akatoka kwenye kiti chake. Turubai zima likawa kama limepigwa maji ya baridi. Waliokuwa wanajua wakawabana mbavu wasiojua. Alikuwa na noti ya shilingi 10,000 juu. Mwimbaji hayupo, kompyuta haituzwi. Akampita kijana wa muziki, akampita bibi harusi, akaenda kusimama mbele ya wifi yake, akaishika ile noti juu mpaka mstari ulipoisha. Halafu akampa mkononi.

Shangazi alifumbua macho. Aliangalia noti, hakuangalia mtu. Akaikunja mara mbili, akaifunga kwenye pindo la kanga, akaenda kuchukua kreti lake. Basi. Hakuna aliyekumbatiana, na sitawadanganya kwamba kuna aliyelia, ila muuza chai ambaye yeye hulia hata mbuzi akizaa.

Asubuhi yake tunaosha masufuria. Mama anasugua, mimi nasuuza, shangazi anakusanya vikombe upande wa pili wa uwanja. Kule kwa jirani redio ikawa inapiga taarab, sauti ya Kopa, haukosei. Shangazi akanyoosha mgongo.

“Wifi.”

Mimi nikaangusha mfuniko.

“Abee, wifi,” mama akajibu, bila kuinua uso kwenye sufuria.

“Jana koo la Nasma umelisikia?”

“Nimelisikia.”

“Haya sema sasa.”

Mama akasugua ukoko kwanza, pande zote, akachukua majivu akaongeza. “Zuri,” akasema. “Lakini kwa Kopa bado sana.”

“Khaa!” Shangazi akaweka vikombe chini.